Mkate wa Wake Wenza

Mwezi uliopita nilikabidhi ufunguo wa kabati la hesabu. Ndani yake mna rula kumi na moja, na tatu kati ya hizo zimeliwa na panya kwenye sentimita za mwanzo, kwa hiyo anayepima nazo aanzie kwenye nne. Mwalimu aliyepokea ufunguo, msichana mwenye haraka, aliniuliza jambo moja tu. Zile sehemu, yaani nusu na robo na jamaa zao, nilikuwa ninazifundishaje mpaka watu wanazielewa? Wanafunzi wake wakifika hapo wanaanza kutazama dirishani. Nilimwambia jibu lake ni refu na lina wanawake wengi ndani, afadhali niliandike. Vyeo vyangu nimeviruka, maana vyote vikikusanywa havijazi mstari.

Nilianza kazi hapa Bukavu miaka michache kabla ya uhuru, katika foyer moja ya Kadutu. Foyer ilikuwa nyumba ambamo wake za wafanyakazi walikuja asubuhi kujifunza kushona, kupika, kupiga pasi, na kuosha mtoto jinsi Wazungu walivyoona mtoto anapaswa kuoshwa. Wengi wao walikuwa wameshaosha watoto sita bila msaada wetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwa masista na cheti na soksi nyeupe, sijaolewa, sijazaa. Siku ya kwanza niliingia darasani nikasema, "Bonjour, mamans." Mama mmoja wa mstari wa nyuma akamuuliza jirani yake, bila hata kushusha sauti:

"Huyu mutoto anatafuta nani?"

Huyo alikuwa Maman Nsimire. Mumkumbuke, kwa sababu nitakuwa naye mpaka mwisho.

Mkuu wetu alikuwa Mademoiselle Godelieve, Mbelgiji mrefu mwenye moyo mzuri na Kiswahili cha jikoni: lete, weka, osha, polepole. Ni yeye aliyebuni saa ya hesabu. Aliona kwamba mwanamke asiyejua robo hawezi kufuata vipimo vya keki wala kukata gauni. Wakubwa wake walimruhusu saa moja tu kwa juma, Jumanne asubuhi, tena kwa majaribio. Akanipa mimi saa hiyo kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Kabla ya hapo nilikuwa nimewekwa chumba cha pasi. Anayejua pasi ya makaa siku ya mvua ya Bukavu, makaa mabichi, moshi, akina mama ishirini wanakohoa na shuka la mtu limeungua katikati, ataelewa kwa nini saa ile niliishika kwa mikono miwili.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Dieudonné, fundi cherehani wa foyer, mzee asiye na meno ya mbele aliyeshika pini kwa ufizi. Sikumwona hata siku moja akiandika namba. Alichukua kitambaa akakikunja mara moja, akakikunja tena, akakikunja tena, kisha akakifungua na kunionyesha mistari.

"Hesabu, mademoiselle."

Nikahesabu mapande manane.

"Nilikunja mara ngapi?"

"Tatu."

"Sawa. Ukikunja mubaya, unakunjula. Ukikata mubaya, utavala vile."

Tangu siku hiyo nimewakunjisha watu karatasi kabla ya kuwaruhusu kugusa kisu au kalamu. Ninyi vijana mnaokimbilia ubaoni na chaki, jaribuni kwanza karatasi. Ni rahisi, na mtoto akikosea hamna cha kufuta.

Ila karatasi haikutosha kwa Maman Nsimire. Alikuwa Mshi wa Kabare, mke wa dereva wa lori, mkazi wa Cimpunda, na huko Cimpunda alikuwa na jina. Palipokuwa na arusi au matanga, yeye ndiye aliyeitwa kugawa chakula. Alisimama mbele ya sufuria, akatazama watu mara moja tu, akagawa, na hakuna aliyenung'unika. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba ndiye aliyeuliza natafuta nani, na nilitaka kumkomesha kidogo mbele ya wenzake. Jumanne ya pili nikaweka mezani mkate wa mviringo uliotoka katika oveni yetu, nikamwita aje aukate sehemu nne.

Alikuja, akafuta kisu kwenye kitenge chake, akakata bila wasiwasi wowote. Pande la kwanza lilikuwa karibu nusu ya mkate. Hilo akalipeleka kwa Mademoiselle Godelieve aliyekuwa amesimama mlangoni. La pili, zuri vilevile, akampa Maman Wabiwa, Mlega wa Mwenga, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. La tatu, laini, la katikati, likaenda kwa Papa Dieudonné kwa ajili ya ufizi wake. La nne lilikuwa ganda. Hilo akaniwekea mimi kiganjani.

"Maman Nsimire, hizi si robo," nikasema.

"Batu bane, bipande bine. Nani alikosa?"

"Mimi nimepata kidogo."

"We haujaolewa," akaniambia kwa upole.

Darasa zima likakubali kwa kichwa. Papa Dieudonné naye, msaliti, alikubali huku akitafuna.

Niliudhika juma zima. Niliona wanawake hawa hawajui kugawa, na huo ndio ujinga ninaoukumbuka kwa aibu kuliko wote wa ujana wangu. Walijua kugawa kunishinda mimi na masista wangu wote. Walichokataa ni mkate usiomjua mtu. Kwao pande la mgeni ni la mgeni na pande la mwenye mimba ni la mwenye mimba, na anayewapa wote sawasawa ni mtu aliyelelewa vibaya. Mimi nilikuwa nawafundisha utovu wa adabu na kuuita hesabu.

Yakaja mengine. Niliandika ubaoni moja juu ya nne na moja juu ya nane, nikauliza ipi ni kubwa. Wote wakasema moja juu ya nane, kwa sababu nane ni nyingi. Nikakunja karatasi, nikaonyesha. Wakatazama karatasi kwa huruma, wakasema karatasi yangu ni ndogo. Nikawaomba wajumlishe moja juu ya tatu na moja juu ya nne. Maman Wabiwa akajumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini, akapata mbili juu ya saba, akaketi ameridhika kabisa. Nilieleza mpaka sauti ikakauka. Siku hiyo niliegemea ubao na gauni langu lote likawa chaki, na nadhani ndipo Maman Nsimire aliponionea huruma kwa mara ya kwanza.

"Mademoiselle," akasema, "hawa batu ya mu hesabu yako ni batu gani? Kuko muzee? Kuko mugeni?"

"Hakuna. Ni watu tu."

"Batu tu habako. Mutu ni mutu wa fulani."

"Basi ni watu walio sawa. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, kila mmoja ana haki ileile, na akipunjwa kidogo tu atapiga kelele."

Alinitazama kwa mshangao mkubwa, kisha akawageukia wenzake.

"Ah! Ni bake benza! Si ungesema tangu mbele?"

Wake wenza! Darasa lilicheka mpaka Maman Wabiwa akashika tumbo. Kisha Maman Nsimire akaja mbele bila kuitwa, akachukua mkate wa siku hiyo, akaeleza. Baba yake huko Kabare alikuwa na nyumba nne, na mama yake alikuwa wa tatu kuolewa. Kwa mambo mengine mke wa kwanza alikuwa na heshima yake. Lakini mume akileta kitu cha kugawana wenyewe, nyama au chumvi, mmoja wao alikata na wengine wakachagua, na aliyekata alisimama akitazama ukuta mpaka wote wameshachukua. Lililobaki ndilo lake. Basi hakuna mwanamke aliyewahi kukata kwa uvivu. Akakata mkate ule sehemu nne, akageukia ukuta. Nilichukua rula ya wakati ule, ambayo panya walikuwa hawajaifikia, nikapima. Sikupata tofauti ya kusema.

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa kasi iliyonitisha. Namba ya chini ikawa wake walioko katika boma moja. Namba ya juu ikawa wake waliokwisha kuchukua chao. Nikauliza tena ipi ni kubwa, moja juu ya nne au moja juu ya nane.

"Uolewe kwa mwenye bake munane, utakula nini pale?" akasema Maman Wabiwa, na hakuna aliyekosea swali hilo tena katika darasa langu. Alipotaka kurudia ile mbili juu ya saba, wenzake walimrukia kabla sijafungua mdomo:

"Umechanganya bake ya huyu na bake ya ule! Umebomoa nyumba mbili!"

Wakamwonyesha wenyewe. Mke wa nyumba ya watatu na mke wa nyumba ya wanne hawana mapande yanayolingana, kwa hiyo huwezi kuyahesabu pamoja. Kata kwanza mikate yote miwili mapande kumi na mawili. Wa nyumba ya watatu atapata manne, wa nyumba ya wanne atapata matatu, jumla saba juu ya kumi na mbili. Masista walinifundisha jambo hilo kwa miezi mitatu na fimbo. Hawa walimaliza kabla ya mapumziko.

Ni lazima niwaeleze kwa nini hayo yote yalifanywa kwa sauti ya chini. Kwa sheria ya wakati ule, mke wa pili mjini hakuwepo. Kwa macho alikuwepo, tena akiteka maji kwenye bomba lilelile. Mademoiselle Godelieve aliamini sheria, na kila Jumanne alipopita karibu na dirisha akasikia kicheko, aliingia akauliza kwa Kifaransa tunahesabu nini. Nilimjibu kwamba tunahesabu masista. Alifurahi sana kusikia hivyo.

Ndipo ikaja barua. Madame Inspectrice angefika kutoka Léopoldville kukagua foyer, na Mademoiselle Godelieve alinisomea mstari mmoja kwa sauti iliyopungua: mkaguzi haoni mwanamke wa cité, yaani mtaa wa Waafrika, ana haja gani na sehemu, na akikuta hawazielewi, saa ya Jumanne itapewa ufumaji wa vitambaa vya meza.

"Na mimi?" nikauliza.

Alitazama upande wa chumba cha pasi.

Msiseme niliogopa moshi tu. Nililia nikishuka njia ya matope kwenda nyumbani, na nililia kwa ajili ya ile saa. Ilikuwa saa pekee katika juma ambayo wanawake wale waliingia kama watu wanaokuja kuulizwa maoni yao. Jumanne iliyofuata niliwaambia ukweli wote. Nikawaomba jambo moja: siku hiyo, tafadhali, tuseme ndugu. Mkate wa ndugu wanne, nyumba ya ndugu wanane. Madame anatoka Léo, Kiswahili hajui, lakini Mademoiselle atakuwepo, na neno "bake" hata yeye analijua.

"Ndugu bataibiana," akasema Maman Nsimire. "Lakini sawa. Ni juu yako."

Tukafanya mazoezi majuma mawili. Walisema "ndugu" kwa uso wa watu wanaomeza kwinini.

Madame Inspectrice alifika asubuhi ya mvua, mwanamke mfupi mwenye kofia na daftari jeusi, na macho yaliyotulia sana. Akaketi karibu na Mademoiselle Godelieve. Akaniuliza kwa Kifaransa, mimi nikatafsiri. Swali la kwanza: ipi ni kubwa, moja juu ya tatu au moja juu ya tano? Maman Wabiwa akasimama, mtoto amelala mgongoni, na akajibu sawasawa: moja juu ya tatu. Madame akauliza kwa nini. Hapo ndipo majuma mawili ya mazoezi yalipokufa.

"Juu mu nyumba ya bake batano hakuna kitu!"

Nikatafsiri kwamba, Madame, anasema mahali palipo na mabinamu watano, kila mmoja hupata kidogo. Sijui mabinamu walitoka wapi, lakini walikuwa wameshaingia na sikuweza tena kuwatoa. Kalamu ya Madame ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Swali la pili lilikuwa lilelile la moja juu ya tatu na moja juu ya nne. Maman Nsimire akaenda ubaoni. Aliandika kumi na mbili, akaandika nne, akaandika tatu, akaandika saba, kwa mwandiko wa mtu aliyeanza kushika chaki mwaka uleule, na alipoulizwa kwa nini hakujumlisha moja kwa moja akasema kwa utulivu kwamba bake ya bwana huyu na bake ya bwana ule habakule sahani moja. Nikatafsiri: mabinamu wa upande wa mama na mabinamu wa upande wa baba. Mademoiselle Godelieve alianza kunitazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Kufikia hapo nilikuwa nimeijaza Kivu yote mabinamu.

Madame akaomba jaribio la mkono. Mkate mmoja, watu sita, sehemu sita. Maman Nsimire akaukata, akaweka kisu, akageukia ukuta. Madame akauliza kwa nini mama huyu anatazama ukuta. Nikasema ni adabu. Tukachukua mapande yetu: Madame, Mademoiselle, mimi, Maman Wabiwa na mwenzake mmoja, na la mwisho likabaki la mkataji. Kisha Madame, ambaye hakuwa mtu wa kuamini haraka, akaomba mizani ya unga, akayapima yote moja moja. Mara tano mshale ulisimama palepale. Mara ya sita ulirudi nyuma kidogo, kwa sababu Mademoiselle Godelieve alikuwa ameshauma lake.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa tayari nimeanza kupumua. Madame akafunga daftari, akalishika pande lake la mkate, akamgeukia Maman Nsimire, na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha haraka kilichonyooka, chenye lafudhi ya Lubumbashi kabisa:

"Maman, mi nilikomalia kule Katanga. Baba yangu alikuwa mutu ya treni. Hawa ba-cousine ya mademoiselle, niliwasikia bote. Mi niko na swali moja tu. Na bwana yabo? Yeye anapata kipande gani?"

Nikaona chumba cha pasi, nikaona moshi, nikawaona wanawake ishirini wameinamia vitambaa vya meza maisha yao yote kwa sababu ya uongo wangu. Nikataka kusema kosa ni langu, lakini nilitanguliwa.

Maman Nsimire aligeuka kutoka ukutani. Hakuharakisha. Alichukua pande lake, lile lililobaki, akaliangalia, akamwangalia Madame kama mwanamke anavyomwangalia mwanamke mwenzake.

"Bwana hapate kipande, Madame," akasema. "Bwana njo mukate." Yaani bwana ndiye mkate wenyewe.

Madame hakucheka. Akalila pande lile lote, mpaka ganda. Mademoiselle Godelieve, ambaye Kiswahili hicho cha haraka kilimpita, alinivuta mkono akaniuliza mama huyu amesema nini.

"Amesema jumla yake ni moja," nikamjibu.

Na hiyo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, ilikuwa tafsiri safi. Madame aliisikia. Akafungua tena daftari jeusi, akaandika mistari miwili, akatia sahihi, akamsukumia Mademoiselle Godelieve asome kwa sauti, nami nikawatafsiria akina mama bila kubadilisha kitu:

"Saa ya hesabu ibaki. Sehemu zinaeleweka hapa kuliko inavyofaa."